Kanda za Bibi na Kompyuta ya Sebuleni

Je, nyumbani kwako jioni huwaje vyombo vikishaoshwa? Kwetu, kwa muda wa miaka kama mitatu, palikuwa kimya. Haukuwa ukimya wa amani. Kijana yuko chumbani, masikio yamezibwa na hedifoni. Binti amejikunja kwenye kochi na simu, anacheka peke yake na hatujui anacheka nini. Baba anatazama taarifa ya habari kwa jicho moja, la pili liko kwenye simu. Mama naye, ambaye ndiye anayeandika haya, yuko jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, anasikiliza kwaya inayotoa sauti kama nyuki aliyenaswa chupani. Wote tulikuwa na muziki, kila mtu wake.

Kisha bibi akaja. Ni mama yake baba watoto. Aliletwa kwetu kutibiwa mtoto wa jicho, akabaki. Kwa siku nne alikaa sebuleni akitazamana na televisheni asiyoiona vizuri, na siku ya tano akauliza, "Hivi wanangu, nyumba hii mmefiwa?"

Tulicheka, lakini neno lile lilituingia. Jioni ileile alifungua sanduku lake akatoa mkebe wa biskuti, na ndani yake kanda za kaseti 11 zilizofungwa kwa kipande cha kanga. Nyingi zilikuwa za kwaya. Tatu zilikuwa na mwandiko wa babu, aliyefariki mwaka 2003. Moja iliandikwa "Kwaya, Krismasi 1987." Mbili nyingine zilikuwa barua. Wale wenye umri wetu mtakumbuka: kabla ya simu za mkononi, mtu aliyekuwa na redio kaseti aliweza kuzungumza kwenye kanda, akampa kondakta wa basi, ikamfikia ndugu yake mjini. Hivyo ndivyo babu alivyomwandikia mwanawe alipokuwa masomoni. Binti yetu alikuwa na miaka minne babu alipofariki, na kijana hakuwa amezaliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeijua sauti yake.

"Basi zichezeni tusikie," bibi akasema.

Redio kaseti yetu ilikuwa juu ya kabati. Tuliiwasha, taa ikawaka, kanda haikuzunguka. Baba aliifungua kwa bisibisi akakuta ule mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha gurudumu umeyeyuka na kuwa kama lami. Bibi aliirudisha kanda mkebeni bila kusema kitu, na hilo lilituuma kuliko kama angelalamika.

Tuliamua mambo mawili yafanyike pamoja. Sauti ya babu itolewe kwenye kanda kabla haijaharibika, na muziki wa nyumba hii urudi sebuleni mahali pamoja, ambapo kila mmoja atausikia. Fundi wa redio alitupatia mkanda mpya wa mpira kwa bei ndogo. Kwa hilo la pili, binti ndiye aliyetuambia kuhusu kompyuta ndogo za mezani.

Hebu tuseme ukweli kwanza, maana hatupendi mtu apoteze fedha kwa sababu ya maneno yetu. Kama televisheni yako ina tundu la USB, na unachotaka ni nyimbo za Jumapili asubuhi tu, nunua flashi, ijaze nyimbo, umemaliza. Lakini televisheni haiwezi kunakili kanda. Mara nyingi hukataa aina fulani za video, na ukiwa na nyimbo mia nane kwenye flashi moja utazitafuta mpaka wali uungue. Kompyuta inanakili, inapanga, inachezesha karibu kila kitu, na picha za simu zote za familia unaweza kuzimwagia humo.

Wengi walianza kuweka kompyuta ndogo karibu na televisheni baada ya Januari 2005, kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa Mac mini. Ilikuwa na upana wa sentimita 16.5 kila upande na kimo cha sentimita 5, ikauzwa kwa dola 499 bila kioo, bila kibodi, bila kipanya. Ilitosha kabisa kwenye rafu ya televisheni. Mwaka uliofuata ilitoka na rimoti yake, na mwaka 2010 ikawekewa tundu la HDMI, lile ambalo televisheni za sasa hutumia. Bado inatengenezwa, lakini kwa mfuko wetu mpya haikuwa yetu.

Yetu ni ya mtumba. Ofisi nyingi za ng'ambo hununua kompyuta ndogo kama Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini au Dell OptiPlex Micro, wakazificha nyuma ya kioo, na baada ya miaka michache wakazibadilisha. Hizo za zamani huishia madukani huku kwetu. Haifiki shubiri moja kwa upana, na unene wake ni kama vidole viwili. Tuliipata kwa bei iliyo chini ya simu ya kijana wetu, jambo lililomfanya kijana anyamaze siku nzima.

Baba alipinga. "Tuna king'amuzi, tuna simu nne. Kompyuta ya nini tena?"

Kabla mama hajafungua kinywa, bibi alijibu kutoka kwenye kiti chake: "Ya kumsikia mzee wangu." Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa msikie kosa letu ili lisiwapate. Mwuzaji alitupa kompyuta na waya wenye kichwa cha buluu chenye skrubu mbili, unaoitwa VGA, akasema inaunganishwa popote. Tulifika nyumbani, tukachomeka, picha ikaja vizuri. Sauti haikuja. Tulibonyeza kila kitu hadi saa nne usiku, mpaka binti akagundua kwamba waya wa VGA hubeba picha peke yake, haubebi sauti. Na kompyuta yetu haikuwa na tundu la HDMI. Ilikuwa na tundu linalofanana nalo lililokatwa kona moja, liitwalo DisplayPort. Kompyuta nyingi za ofisini ziko hivyo. Ilitubidi kurudi mjini kununua kiunganishi cha kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Hicho hubeba picha na sauti pamoja. Kwa hiyo, dada, ukienda dukani igeuze kompyuta mgongo uhesabu matundu yake kabla ya kulipa, kama unavyogeuza samaki kutazama mashavu.

Tazama pia umri wake. Kwenye karatasi ya mbele kuna maandishi kama i5-6500T au i5-8500T. Kwa hizo mbili, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi cha kompyuta. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hudai kizazi cha nane na kuendelea. Si kwamba zile za kizazi cha sita hazifai. Zinaweza kuwekewa Linux Mint, ambayo hailipiwi, na kwa nyimbo na picha inatosha sana. Lakini bei yake iwe chini, na ukiambiwa "hii ni mpya tu, mama," uonyeshe hiyo tarakimu kwa kidole. Zilizotengenezwa kabla ya 2015 mara nyingi hukwama zinapochezesha video zilizopigwa na simu za siku hizi.

Tukirudi nyumbani: kiunganishi kilipokuja sauti bado ilikataa, na wakati huu kosa lilikuwa dogo. Kompyuta haikujua kwamba tunataka sauti itokee kwenye televisheni. Chini upande wa kulia wa kioo kuna kialama cha spika. Bonyeza, chagua jina la televisheni yako, basi. Maandishi nayo yalikuwa madogo kama sisimizi, hata baba alisimama hatua moja mbele ya kioo ili asome. Katika mipangilio ya kioo tuliongeza ukubwa hadi asilimia 200, na sasa bibi, jicho lake likiwa limepona, anasoma majina ya nyimbo akiwa kwenye kochi.

Spika za televisheni bapa ni nyembamba, sauti yake haina kifua. Kama una redio kubwa yenye tundu la AUX, nunua waya mdogo uunganishe kutoka kwenye tundu la hedifoni la kompyuta. Redio yetu ya zamani, ambayo tulikuwa tumeanza kuiita stendi ya maua, imepata kazi tena. Kwa kuendesha tulinunua kibodi isiyo na waya yenye sehemu ya kutelezesha kidole. Kipanya kwenye kochi ni usumbufu, na mtoto wa jirani aligeuza chetu gari siku ya kwanza.

Programu tunazotumia ni mbili, na zote hazilipiwi. VLC ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja huko Paris mwaka 1996, nayo hucheza hata zile VCD za harusi mlizoweka kabatini, mradi mpate kisomeo cha diski cha kuchomeka USB. Nyingine ni Kodi, ambayo hupanga nyimbo na filamu kwa picha kubwa kubwa ili mtu achague akiwa mbali. Kodi yenyewe haina filamu ndani yake. Ukiona mtu anakuuzia Kodi "yenye kila kitu," ujue anakuuzia vitu vya wizi. Hapo hatutahubiri sana, ila mwimbaji wa kwaya ananunua sare yake mwenyewe na kulipa nauli ya kwenda studio, na albamu yake ikigawanywa bure kwa flashi mtaa mzima, ya pili haitarekodiwa. Sisi albamu tunazozipenda tunazinunua.

Kuhusu umeme, mtu asikutishe. Kompyuta kubwa za zamani zilikuwa na njaa, hizi hazina. Ikichezesha muziki hula kama wati 15. Iwashe saa tano kila siku, mwezi mzima haifikishi uniti tatu. Pasi ya umeme ya wati 1,000 inamaliza hizo kwa saa tatu. Hatari yenyewe iko kwenye kukatika. Umeme ukizimika ghafla wakati kompyuta inaandika, faili zaweza kuharibika, na ukirudi kwa kishindo huchoma kifaa. Tulinunua UPS ndogo baada ya kuzimikiwa mara mbili katikati ya kunakili. Bando nalo linapona. Nyimbo na video zikiwa ndani ya diski hamhitaji intaneti kuzicheza, wala kijana hana sababu ya kuitazama video moja mara tisa kwa bando jipya.

Na sasa kanda. Kazi hii ni ya subira, ifanye siku ambayo hupiki kwa haraka. Kwanza chungulia kwenye kidirisha cha kanda. Ukiona unga mweupe juu ya utepe, hiyo ni kuvu, usiicheze, kwa sababu itaharibu kanda na kuchafua kinasa sauti. Iweke kando. Zilizo safi, zungusha kwanza kwa penseli, mnakumbuka, mpaka utepe ukaze. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti kidogo. Kisha waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kompyuta.

Hapa tulikwama tena, maana kompyuta hizi mara nyingi zina tundu moja tu la hedifoni na kipaza sauti pamoja, na sauti iliingia ikiwa imechakaa. Dawa yake ni kifaa kidogo cha sauti cha kuchomeka USB, chenye tundu la kuingizia sauti. Baada ya hapo tulifungua programu ya Audacity, nayo hailipiwi, tukabonyeza duara jekundu la kurekodi, kisha tukaiwasha kanda. Angalia milia ya sauti isigonge juu. Ikigonga, sauti itapasuka na hutaweza kuirekebisha baadaye. Kanda ya dakika 60 itachukua dakika 60. Hakuna njia ya mkato.

Tulihifadhi kila kanda mara mbili. Nakala moja ya aina ya WAV, ambayo haipunguzi kitu, nayo huchukua kama MB 600 kwa saa. Nyingine ya MP3 ya kusikiliza, isiyofika MB 60 kwa saa. Kisha tukaweka nakala ya yote kwenye diski ya nje iliyo kwa shemeji, mtaa mwingine. Kompyuta hufa, huibiwa, humwagikiwa chai. Tafadhali msiweke sauti ya marehemu mahali pamoja tu.

Jumamosi moja alasiri tulianza na kanda ya kwanza ya barua. Tulidhani tutairekodi kimyakimya kisha tumwite bibi, lakini alikuwa ameshakaa. Kwanza ulikuja mvumo kama mvua ya mbali. Kisha kikohozi. Kisha babu akasema jina la mwanawe, akamwambia wote hawajambo, mahindi yametoka, ng'ombe mwekundu amezaa. Baba watoto alisimama akaenda kusimama dirishani. Kijana alitoa hedifoni masikioni. Katikati ya maneno jogoo akawika karibu kabisa, na babu, akidhani pengine kanda haisikii, akamfokea kwa maneno ambayo hatutayaandika katika gazeti hili.

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Yule jogoo!" akasema. "Tulimla Pasaka." Kisha akanyamaza, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaomba tusizime.

Binti ameiweka sehemu ya jogoo kwenye simu yake. Anasema siku ya send-off yake itachezwa, tutake tusitake.

Mengine yaliyofuata hayakuwa na machozi. Kila jioni mmoja wetu huchagua muziki wa nusu saa, kwa zamu, na wengine wanavumilia. Zamu ya kwanza ya kijana aliweka wimbo wa vijana wa sasa kwa sauti kubwa. Bibi alisikiliza kwa makini, akapiga vidole kwenye mkono wa kiti, akasifu ngoma, kisha akamwuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hapo anaposema hivyo, anamaanisha nini?" Kijana alifungua kinywa, akakifunga, akabadilisha wimbo mwenyewe. Mama alikuwa amesema juu ya nyimbo zile mwaka mzima bila kufanikiwa. Wiki iliyofuata alichagua kwa uangalifu zaidi, na tukakiri kwamba mbili kati ya nyimbo zake ni nzuri kweli. Moja mama anaiimba akikuna nazi.

Hatusemi kwamba simu zimekwisha nyumbani. Zipo, na kuna jioni ambazo kila mtu yuko na yake. Kompyuta nayo inaweza kuwa televisheni nyingine ya kuwatenganisha watu ikiwekwa chumbani kwa mtoto. Yetu iko sebuleni, chini ya king'amuzi, ina neno la siri ambalo wazazi wote wawili wanalijua, na usiku huzimwa. Tumekataa isihamishwe hata wakati wa likizo.

Kazi iliyobaki ni mkanda wa video wa harusi yetu, wa VHS, wa mwaka 1996. Kwa huo unahitaji deki nzima inayofanya kazi pamoja na kifaa cha kuingiza picha kwa USB. Kifaa hicho si ghali, taabu ni deki. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo zilizopo ndizo zilizopo. Kama unayo moja juu ya kabati, usiitupe wala usimpe fundi aivunje vipuri. Tumesikia kuna mama mmoja wa jumuiya yetu anayo, na tumekwisha mpelekea salamu na ndizi.

Kanda tisa kati ya 11 ziko salama. Moja ilikatika, na baba aliiunga kwa gundi ya utepe mwembamba akapoteza sekunde chache tu. Ile ya Krismasi 1987 ndiyo yenye kuvu. Tumeiweka peke yake kwenye kopo kavu pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vilivyotoka kwenye maboksi ya viatu, mpaka tumpate mtu anayejua kuisafisha. Bibi huuliza habari zake kila Jumapili.